Binti Machungwa Afika Mgeta

Morogoro, 20 Aprili 1913

Kwa Mjomba Abasi, Mgeta.

Mjomba, shikamoo. Nifikishie shikamoo kwa Mama na kwa Mkazamjomba Mwaisha, na uwaambie sijaugua hata mafua tangu nilipoagana nao. Shangazi Chausiku, ambaye bado ananilea hapa mjini kama mwanawe, anakusalimu. Anasema ndizi ulizomletea zilikuwa nzuri, ila mkungu mmoja ulichaguliwa kwa kumkomoa. Ameniamuru niandike hivyo hivyo, nami sikuongeza neno.

Shuleni tumeanza hesabu za sehemu, na Kidachi, lugha ya Wajerumani wa boma, tunasoma kitabu cha pili. Mwalimu anasema atakayemaliza mwaka wa mwisho anaweza kupewa darasa la wadogo afundishe.

Mjomba, kuna jambo jipya mjini. Bwana Rahemtulla, yule mwenye duka la nguo karibu na stesheni, ameleta baiskopu. Ni mtambo wenye mkono wa kuzungusha, na ndani yake kuna taa ya karabai. Mwanga hutoka na kupiga kwenye kitambaa cha marekani kilichotundikwa mwisho wa ghala lake la pamba, na hapo picha za watu hutembea, hukimbia na hulia, bila sauti. Shangazi huuza vitumbua mlangoni, nami humbebea sinia. Siku ya kwanza nilisimama nje. Akaniambia, "Ingia, bwana! Mbona umesimama kama bawabu, kwani mlango ni wako?" Nikaingia.

Picha kubwa ina vipande sita, na kila baada ya majuma mawili kinaonyeshwa kimoja. Kuna msichana mwenye kofia pana. Baba yake ana shamba la machungwa bondeni, na maji yao hutoka mlimani kwa mfereji. Mtu mmoja wa kofia ndefu nyeusi anataka kuziba mfereji huo juu, machungwa yakauke, kisha alinunue bonde lote. Kipande cha kwanza kimeishia pale baba anapougua, na msichana anachukua jembe apande mlimani peke yake. Watu wa hapa wamempa jina, Binti Machungwa.

Katikati ya picha huja maandishi ya Kidachi ya kueleza mambo. Bwana Rahemtulla hajui Kidachi, kwa hiyo huyaeleza kama moyo wake unavyomtuma. Alitutangazia kwamba msichana ni mke wa yule wa kofia ndefu, na wamegombana kwa sababu ya chakula. Maandishi hayakusema hivyo. Niliyasoma mwenyewe, lakini sikumwambia mtu.

Kuhusu neno lako kwamba mavuno yakiisha, kabla ya mvua za vuli, niache shule nirudi Mgeta moja kwa moja, nitalijibu katika barua nyingine. Leo karatasi imekwisha.

Mpwa wako akutiiye,
Maneno


Mgeta, 11 Mei 1913

Mpwa wangu Maneno,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu mto ulikata njia, na wanawake wa sokoni wanaotubebea barua walilala upande wa pili mpaka maji yalipopungua. Mama yako hajambo. Mwaisha alichomwa na mwiba mguuni, sasa anatembea, na kusema hakuacha hata siku moja. Mwambie Chausiku kwamba mkungu ule ulikuwa mzuri ulipotoka kwangu. Kama uliharibika, uliharibika baada ya kuusikia mdomo wake.

Karatasi yako haikuwa imekwisha. Upande wa pili ulikuwa mweupe kama unga.

Nilikupeleka mjini usome, sikukupeleka kutazama vivuli ukutani. Mimi mwenyewe nilijifunza herufi kwenye kambi ya reli, nikisoma juu ya magunia ya saruji, na hakuna aliyenionyesha picha. Elimu uliyo nayo inakutosha. Sina mpwa mwingine wa kiume. Mashamba ya mama zako yakikosa mtu, nitakapokufa yatagombaniwa kama mfupa. Mavuno yakiisha, rudi. Nijibu kwamba umesikia.

Barua yako niliisoma uani kwa sauti, kwa kuwa mama yako na Mwaisha hawajui kusoma. Majirani walikuwepo. Sasa wazee wanauliza: banio la ule mfereji, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, liko katika ardhi ya nani? Kama ni ardhi ya ukoo wa msichana, mwenye kofia ndefu hana kesi kabisa. Kama ni ardhi ya ukoo mwingine, basi baba yake alipaswa kuwapelekea wenye ardhi kuku kila mwaka, na huenda hakupeleka. Wanauliza wao. Mimi nina kazi zangu.

Mjomba wako,
Abasi


Morogoro, 25 Mei 1913

Kwa Mjomba Abasi.

Shikamoo, Mjomba, na pole kwa Mkazamjomba kwa mwiba. Shangazi amesikia maneno yako juu ya mkungu. Alicheka, kisha akasema jibu lake haliwezi kuandikwa na mtoto.

Waambie wazee kwamba banio liko katika ardhi ya marehemu mama yake msichana. Maandishi yalisema hivyo wazi. Bwana Rahemtulla alisema hapo ndipo walipofungia harusi.

Nimeona kipande cha pili na cha tatu. Katika cha pili Binti Machungwa amelala banioni na jembe lake. Watu wawili wa yule mwenye kofia ndefu walikuja na mawe ya kuziba. Akawazibulia maji miguuni, wakateleza mpaka bondeni, na ghala zima tukasimama kumshangilia. Katika cha tatu mmoja wao, mwembamba mwenye masharubu, aliona aibu akahamia upande wake.

Mjomba, nitakueleza jambo lililonishangaza zaidi. Kabla ya picha kubwa huwa wanaonyesha picha fupi ya kuchekesha. Wiki hii ilikuwa ya daktari mpole anayetibu watoto. Nikamtazama yule daktari. Alikuwa ni yule yule mwenye kofia ndefu! Sura ile ile, ila safari hii hana kofia. Watu walimtambua wakaanza kumpigia kelele mtoto kitandani: "Usinywe! Usinywe dawa yake!" Daktari akamponya mtoto, mama akamshika mikono kumshukuru, na bado mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Ngojeni. Huyu namjua."

Nilimwuliza Bwana Rahemtulla kwa sauti ndogo. Alifurahi kuulizwa, akanionyesha karatasi za matangazo zinazokuja ndani ya sanduku la picha. Kumbe hao ni watu ambao kazi yao ni hiyo, leo mwovu, kesho daktari, na wanaopendwa sana huitwa nyota. Wanaishi Marekani, upande wa magharibi kabisa, katika kitongoji kiitwacho Holivudi. Kuna jua mwaka mzima, na mashamba ya machungwa na malimau yamefika mpaka vibarazani. Kwenye karatasi moja Binti Machungwa amesimama na farasi wake, anacheka, na nyuma yake kuna milima. Ni kama milima yetu, ila ni kama imenyolewa. Niliitazama mpaka Bwana Rahemtulla akasema, "Kijana, usiimalize, wengine nao wanataka kuiona."

Kuhusu lile jambo jingine, nimesikia, Mjomba. Nitakujibu vizuri baada ya mtihani.

Mpwa wako,
Maneno


Mgeta, 15 Juni 1913

Mpwa wangu,

Marahaba. Mahindi yamekomaa, nyani wamekuja kuyahesabu kabla yetu, na mama yako analinda shamba kwa kombeo. Hakosi. Mwaisha amepona.

Sikukuomba habari za picha. Lakini kwa kuwa umeziandika, na si adabu kuacha barua katikati, nilizisoma zote. Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Watu wanajua siku wanawake wanayorudi sokoni, hivyo wanakaa mapema, na mtani wetu Andrea amekuja na kigoda chake mwenyewe akakiacha hapa kabisa.

Juu ya ardhi ya mama yake msichana, wazee wameridhika. Mali ya mama haina mjadala. Huko Marekani nao wana akili.

Andrea anamtetea yule mwembamba mwenye masharubu. Mimi simwamini. Aliyekubali kubeba mawe jana, kesho atabeba tena. Pia hukusema jembe la msichana lina mpini mrefu au mfupi. Ukiandika jambo, liandike lote.

"Nimesikia" si jibu. Hata mbuzi wangu husikia. Je, unarudi?

Mjomba wako,
Abasi


Morogoro, 29 Juni 1913

Kwa Mjomba Abasi.

Shikamoo, Mjomba. Nampa pole Mama kwa nyani. Shangazi ameungua kidole kwa mafuta, si sana. Mtihani wa Kidachi nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni mtoto wa karani wa boma.

Mpini ni mrefu.

Mjomba, kipande cha nne kimeonyeshwa, na sijui nianzeje. Mwenye kofia ndefu alipoona banio limemshinda, alitega baruti kwenye mwamba juu ya mto. Yule mwembamba alikimbia kumwonya Binti Machungwa (samahani, Mjomba, Andrea ndiye aliyesema kweli). Akamkuta katikati ya daraja la miti. Mwamba ukapasuka. Maji yakashuka yote pamoja, meupe, kama ukuta unaotembea. Daraja likaondoka. Tukaona mkono mmoja, halafu hatukuona kitu. Mwishoni ilibaki kofia yake pana tu, inaelea, inazunguka polepole, ikapita mbele yetu ikatoka upande wa pili wa kitambaa.

Hapo kipande kikaisha. Shangazi alikuwa ameshika kitumbua mkononi hajui kama ni chake au cha mteja.

Kipande cha tano hakipo. Bwana Rahemtulla ana kaka yake Tabora anayeonyesha picha hizi baada yake, na alipomwagiza wakala wake wa pwani, kwa haraka alimtajia anwani ya kaka yake badala ya yake. Sanduku limepita hapa Morogoro ndani ya garimoshi, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama stesheni akilipungia mkono bila kujua. Sasa hatujui litarudi lini.

Najua utaniuliza kama amekufa. Maandishi hayakusema. Ningeweza kubuni lolote ili watu wa uani wasihuzunike, lakini nisiyoyaona siwezi kuyaandika. Sijui, Mjomba. Nami silali vizuri.

Juu ya kurudi, nitaandika nikitulia.

Mpwa wako,
Maneno


Mgeta, 20 Julai 1913

Mpwa wangu,

Umenitia hasara.

Mama yako na Mwaisha hawajambo, salamu zimekwisha, sasa sikiliza. Nilikuwa nasoma barua yako kama kawaida, uani, alasiri. Nilipofika pale kofia inapoelea peke yake, sauti ilinikwama kidogo kwa sababu ya moshi wa jikoni. Mama yako akauliza, "Amekufa?" Nikajibu, "Amekufa." Sikuwa nimefika kwenye maneno yako ya "sijui".

Andrea aliruka kutoka kwenye kigoda chake. "Msiba! Mwenye nyumba ametangaza msiba kwa kinywa chake! Poleni sana, watani. Mbuzi yuko wapi?"

Unajua desturi. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu, na penye msiba kwetu, wao huja kutufanyia vituko na kuchukua wanachotaka, na hatuna ruhusa ya kukasirika. Nikamwambia, "Andrea, acha upuuzi. Huyo ni mtu wa picha."

"Mtu wa picha, mtu wa udongo, sijui," akasema. "Umemlilia, hukumlilia?"

"Sikumlilia."

Mwaisha, niliyemwoa anisaidie, akasema, "Amelia. Mimi nimemwona."

Basi ikawa hukumu. Mbuzi alikuwa amekwisha kufunguliwa kabla sijasimama. Andrea alivaa ungo kichwani kuwa kofia, akaelea kutoka kinuni mpaka mlangoni, akizunguka polepole kama ulivyoandika, na watu walicheka hadi mama yako akakaa chini. Walichinja, wakala, wakanipa pole na mfupa wa shingo.

Sasa nataka kujua, na safari hii nauliza mwenyewe: amekufa au hakufa? Kama hakufa, mbuzi wangu ameliwa kwa uongo, nami nitamshitaki Andrea kwa jumbe.

Mambo ya kurudi kwako hatujayamaliza.

Mjomba wako,
Abasi


Morogoro, 3 Agosti 1913

Kwa Mjomba Abasi.

Shikamoo, Mjomba, na Ramadhani njema kwenu, kwani huku wanasema mwezi utaandama leo au kesho. Pole kwa mbuzi. Niliposoma barua yako Shangazi alicheka mpaka akaacha vitumbua vikaungua, na amesema mfupa wa shingo ndio unaokufaa.

YU HAI! Sanduku limerudi kutoka Tabora, na kipande cha tano kimeonyeshwa jana. Maji yalimtupa kwenye mizizi ya mchungwa mkubwa shambani kwao, akaikumbatia usiku kucha. Yule mwembamba ndiye aliyemvuta. Amevunjika mkono, lakini anatembea, na kichwa chake kitupu bila kofia kilinifanya nimwone kama mtu mwingine, mdogo zaidi. Kipande kimeishia anapopanda tena mlimani, mkono umefungwa kitambaa, na bonde zima linamfuata na majembe.

Cha sita kimo ndani ya sanduku, lakini Bwana Rahemtulla hataki kukionyesha. Anasema Ramadhani watu hawataki picha, ila siku tatu za Idi atafanya sherehe ya picha ambayo Morogoro haijapata kuiona: vipande vyote sita tangu mwanzo, viwili kila siku baada ya magharibi, pamoja na picha fupi zote za kuchekesha. Amepaka ghala chokaa. Mkewe atapiga kinanda.

Mjomba, nilitaka kukueleza jambo hapa, lakini nimeandika mistari mitatu nikaifuta. Nisamehe kwa doa la wino.

Mpwa wako,
Maneno


Mgeta, 24 Agosti 1913

Mpwa wangu,

Marahaba. Tunafunga salama. Mama yako anasali kwa afya yako, Mwaisha anasali ili nipunguze ukali.

Niliinua karatasi yako juani kutazama ile mistari mitatu. Umeifuta vizuri.

Nilimwendea Andrea na barua yako mkononi nimdai mbuzi. Akainua mikono juu. "Amefufuka? Mtani, msiba ulikula mbuzi mmoja. Ufufuo utamla mmoja tu kweli?" Tulimla wa pili baada ya kufuturu. Nimebakiwa na majike mawili, na nimekataza mtu yeyote asitangaze harusi.

Ukikiona kipande cha sita kabla ya Idi, usiniandikie. Nakuja mwenyewe. Anakuja Andrea, na watu wengi wa uani. Usifikiri nashuka mlima kwa ajili ya vivuli. Nakuja kukuchukua. Nitakuwa na matenga mawili ya kubebea vitu vyako. Mama yako na Mwaisha watabaki na mashamba. Funga sanduku lako.

Mjomba wako,
Abasi


Morogoro, 14 Septemba 1913

Kwa Mjomba Abasi.

Shikamoo, Mjomba. Nasikia mlifika salama. Wanawake wa sokoni wamenipa ujumbe wa Mkazamjomba Mwaisha. Anasema umemsimulia habari za Idi mara tatu, kila mara tofauti, na haamini hata moja. Ameniomba niandike yote kama yalivyokuwa, nawe umsomee bila kuruka. Kwa hiyo barua hii ni yake, Mjomba. Nisamehe.

Mkazamjomba, shikamoo.

Siku ya kwanza ya Idi ghala lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya marobota. Watu wa Mgeta walikuwa mbele kabisa, Mjomba katikati na kanzu yake nyeupe, Andrea na kigoda chake alichokibeba kutoka huko. Mimi nilikuwa nyuma na sinia la vitumbua. Taa zikazimwa, kinanda kikaanza, Binti Machungwa akatokea. Watu wa mlimani wakamwamkia.

Maandishi yakaja. Bwana Rahemtulla, huku anazungusha mtambo, akatangaza, "Huyu bibi ni mke wa yule bwana wa kofia ndefu! Wamegombana kwa sababu ya chakula!"

Sauti moja mbele ikasema, "Siyo!"

Mkazamjomba, ilikuwa sauti ya Mjomba.

"Nani amesema siyo?" Bwana Rahemtulla akauliza.

"Mimi. Huyo si mumewe. Hajaolewa. Huyo anataka banio, na banio ni ardhi ya mama yake!"

Mtu mmoja wa mjini akamkemea: "Kaa chini, mzee! Ninyi wa mlimani mmeiona wapi picha hii?"

Andrea akasimama juu ya kigoda. "Kuiona? Sisi tumemzika huyu! Tumemlia na mbuzi! Ninyi mmemfanyia nini?"

Ghala zima likawa kama soko. Watu wa mjini wakasema mke, wa mlimani wakasema binti. Mmoja akataka picha isimamishwe wazee waamue. Bwana Rahemtulla akapiga kelele, "Siwezi kusimamisha! Ikisimama mbele ya taa inaungua!" na mkono wake ukawa unazunguka huku picha zinakwenda na hakuna anayezitazama.

Ndipo Mjomba akageuka nyuma. "Mpwa wangu yumo humu. Anasoma Kidachi. Maneno! Simama utusomee."

Mkazamjomba, unanijua. Hata salamu ya wageni watatu hunishinda. Nilitaka kujificha nyuma ya robota, lakini Shangazi Chausiku alininyang'anya sinia, akanisukuma mgongoni. "Nenda! Kwani yatakung'ata?" Nilipofika mbele, kivuli changu kilianguka kwenye kitambaa, kichwa changu kikamfunika farasi, na watu wakacheka. Nikasogea pembeni. Maandishi yakaja. Nikasoma.

"Sauti!" Shangazi akasema kutoka mlangoni. "Tumekuja kusikia, hatukuja kutazama midomo!"

Nikasoma tena kwa nguvu. "Maji haya mama yangu aliniachia. Nitayalinda." Na watu wakakaa chini. Nilisoma kipande cha kwanza na cha pili, na kesho yake cha tatu na cha nne. Ile kofia ilipoelea, wa mjini walikuwa wanawaangalia wa mlimani waone watafanya nini. Andrea aliinuka akaelea nayo, mpaka upande wa pili. Walimpigia makofi kuliko picha.

Siku ya tatu tukamaliza. Bonde lote lilibomoa kwa majembe mawe yaliyoziba mfereji, na maji yakarudi humo. Yule wa kofia ndefu alikuwa amefukuzwa na watu wake mwenyewe, akaja kwa miguu, vumbi mpaka nyusi, anaomba maji. Binti Machungwa alimtazama. Kisha, badala ya kata ya maji, akamnyooshea jembe. Maandishi ya mwisho yalisema, "Kwanza lima, halafu unywe." Nilipoyasoma, Mjomba alipiga paja lake akasema kwa sauti kubwa, "Hiyo ndiyo hukumu!"

Hayo ndiyo yaliyotokea, Mkazamjomba. Sasa yanayofuata ni ya Mjomba peke yake. Asikusomee kama hataki.

Mjomba, sanduku langu lilikuwa limefungwa. Alfajiri iliyofuata nilikwenda kisimani kuchota maji yetu ya safari. Niliporudi, hamkuwepo, wala matenga hayakuwepo. Shangazi alisema tu, "Wameshaondoka. Mjomba wako alikuwa na haraka." Nilikimbia mpaka pale njia inapoanza kupanda, sikuwaona. Sijui kama umekasirika kwa sababu sikujibu barua zako. Sijui kama nipande peke yangu. Tangu siku ile sijafungua sanduku. Vitabu vya shule naazima kwa mwenzangu.

Kwa hiyo nitaandika ile mistari mitatu niliyoifuta. Mjomba, naomba mwaka mmoja. Nataka kumaliza shule niwe mwalimu. Halafu nitarudi Mgeta, na mashamba ya mama zangu sitayaacha yagombaniwe. Nilitaka kukuambia tangu Aprili, niliogopa. Ukisema hapana, nitakuja, na sitanuna.

Mpwa wako,
Maneno


Mgeta, 28 Septemba 1913

Mpwa wangu Maneno,

Marahaba. Mama yako hajambo, nyani wamehamia kwa jirani. Mwaisha amenifanya nisome barua yako mara nne, na kila tukifika pale penye "Siyo!" ananisimamisha niseme tena kwa sauti ile ile. Mimi sikupiga kelele kiasi hicho. Lakini umeandika vizuri.

Umeuliza kama nimekasirika. Sikukasirika. Nilikusahau.

Tulikuwa tumekwisha kuvuka mto Andrea aliponiuliza, "Mtani, si tulikuja kumchukua mpwa wako? Mbona matenga ni matupu?" Nikayashusha, nikachungulia ndani, nikashika kichwa. "Ala! Nimemsahau mjini!" Alinicheka kutoka pale mpaka juu. Alisema ameona watu wakisahau fimbo, wakisahau kofia, lakini mtu kusahau mpwa wake wa pekee, aliyesimama mbele yake siku tatu akisoma kwa sauti, hajapata kuona. Nikamwambia uzee una mambo yake.

Mama yako naye aliniuliza uko wapi. Nilimjibu hivyo hivyo. Akaenda jikoni akanipakulia ugali mkubwa kuliko wa siku zote.

Kurudi kukuchukua siwezi, magoti yangu hayatelemki tena mwaka huu. Nawe usipande peke yako, njia ina utelezi. Shamba lako Andrea atalilima msimu huu. Ameshiba vya kutosha nyumbani kwangu.

Basi fungua sanduku, mchwa wasije wakala vitabu. Mwakani, ukiwa umemaliza, huenda nikakukumbuka.

Mjomba wako,
Abasi